Mti wa kwanza si wa matunda: kuchagua miti ya kiwanja kinachopigwa na upepo, pwani ya Mtwara na Lindi

Nilipopata kiwanja karibu na bahari, upande wa Mikindani, nilinunua miche kama mtu anayenunua samani za sebuleni. Miashoki 12 ya kuzungushia mpaka, mikrismasi miwili ya kivuli getini, mipapai sita, miembe minne ya kubebesha. Nikapanda Januari. Mvua ilinyesha vizuri, na hadi Aprili kila mpita njia alikuwa ananisifia. Kisha kusi, upepo wa kutoka kusini mashariki, ikaingia. Kufika Julai mipapai yote imelala chini, miashoki imeungua majani upande mmoja kama iliyopitishwa motoni, miembe imebaki vijiti. Jirani yangu, mzee aliyezaliwa hapohapo, alisimama mpakani akatazama kwa muda, halafu akasema, "Mjukuu wangu, hii miti uliiuliza kama inataka kukaa hapa?"

Sikuwa nimeiuliza. Nilikuwa nimechagua miti niliyoipenda, na baadaye ndipo nikatafuta mahali pa kuichomeka. Pwani kazi hii huanzia upande wa pili: unaanza na upepo, kisha mchanga, kisha maji ya kisima, na mti unakuja mwisho. Na mti wa kwanza unaoupanda si wa kula matunda yake. Ni wa kuikinga miti mingine itakayofuata.

Kwa nini miche yetu hufa Julai

Wenzetu wa Tanga na Dar es Salaam wana masika na wana vuli. Sisi wa kusini tuna msimu mmoja tu: mvua huanza Novemba au Desemba, na kufikia mwanzoni mwa Mei imekwisha. Kusi nayo huanza kujipanga Aprili na kupamba moto Juni hadi Agosti. Yaani siku maji yanapokatika ndiyo siku upepo unapoanza. Mche wenye miezi minne ardhini unakutana na kiu, upepo na chumvi kwa pamoja, na mvua nyingine iko miezi sita mbele.

Upepo wenyewe mara nyingi hauvunji kitu. Unachofanya ni kunyonya maji kwenye majani haraka kuliko mizizi michanga inavyoweza kuyarudisha. Mawimbi yanapopasuka, matone madogo ya maji ya chumvi hubebwa na upepo hadi kwenye majani, maji yakakauka na chumvi ikabaki. Ukiona jani limeungua kuanzia ncha na kingo, tena la upande wa baharini tu, hiyo si njaa ya mbolea wala ugonjwa. Usikimbilie duka la pembejeo. Hiyo ni chumvi.

Kwanza, ujue upepo wa kiwanja chako

Kila mtu atakwambia upepo wa hapa ni kusi. Ni kweli, lakini pwani yetu haikunyooka. Ina maghuba, rasi na visiwa, na kiwanja kimoja hakipati upepo sawa na kingine kilicho kilomita mbili tu mbele. Kwenye ufuko unaotazama mashariki, kusi inakuja moja kwa moja kutoka baharini ikiwa imebeba chumvi. Kwenye ufuko unaotazama kaskazini, kusi inakujia mgongoni kutoka nchi kavu: inakausha, lakini haiunguzi. Kwa mwenye kiwanja cha namna hii anayeleta chumvi ni kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini mashariki, kati ya Desemba na Machi. Hao wawili wanahitaji safu ya kinga sehemu tofauti, na mmoja wao akiiga kwa mwenzake atakuwa amepanda miti upande usio na adui.

Simika nguzo ndefu kuliko wewe, fungia kipande cha kanga chakavu juu yake, na kila siku saa tisa alasiri utazame kinaelekea wapi. Ukiweza, fanya hivyo Januari na ufanye tena Julai. Ukiwa huna subira ya miezi sita (nani anayo?), tazama miti mikubwa iliyokuwepo kabla yako. Mti uliopigwa upepo tangu utoto haujifichi: matawi ya upande wa upepo ni mafupi, makavu, yamekatika ncha, na kichwa chote kimekimbilia upande wa pili kama nywele zilizochanwa kuelekea nyuma.

Halafu tembea. Chukua kilomita moja ya ufuko kushoto kwako na moja kulia, ukihesabu miti mikubwa iliyo umbali uleule kutoka baharini kama kiwanja chako. Nilipofanya hivyo nilikuta mivinje, mikungu, minazi, mitondoo michache, mkwaju mmoja mkubwa na mibuyu. Mwashoki hata mmoja sikuuona, isipokuwa ndani ya kuta za nyumba za wageni. Jibu lilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Pili, chimba na uonje

Chimba mashimo matatu ya kina cha goti sehemu tofauti za kiwanja. Mchanga mweupe mtupu unapitisha maji kama chujio, na mti wowote utakaouweka hapo utahitaji kitu cha kushika unyevu. Ukigonga jiwe la matumbawe, utahitaji mtaimbo, na uchague mti unaojua kuingiza mizizi kwenye nyufa; mkwaju na mbuyu ni mabingwa hapo. Ukikuta tope jeusi lenye harufu ya mayai mabovu, au ukiona kwamba bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) inafikisha maji ya bahari hadi hapo, simama. Hapo ni mahali pa mikoko. Mikoko nayo ina wenyewe: ni misitu ya hifadhi, haikatwi bila kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), na haipandwi kiholela kwenye ufuko wa mawimbi kwa sababu kila aina ina kina chake cha maji. Msimbati na vijiji jirani viko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo huko ongea na watu wa hifadhi kabla ya kugusa ufuko.

Maji ya kisima yaonje Oktoba, usiyaonje Aprili. Aprili visima vyote ni vitamu. Oktoba, maji ya chini yameshuka na bahari imesogea ndani, na kisima kile kile kinaweza kutoa maji ambayo ukichemshia chai mgeni anauliza umetia nini. Ikiwa maji ya kumwagilia ni hayo, ondoa kwenye orodha yako miembe, miparachichi na michungwa, au panga kuvuna maji ya bati kwenye simtanki.

Na kabla hujapima mistari: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kupanda miti ya kulinda ufuko si sawa na kujenga, lakini uliza ofisi ya mazingira ya halmashauri. Ni safari moja tu, na inaepusha maneno mengi.

Tatu, gawa kiwanja kwa mistari na si kwa vipendwa

Fikiria umesimama baharini ukitazama nyumba. Mstari wa kwanza mbele yako ni mimea ambayo hukuipanda: ile inayotambaa mchangani, yenye maua ya zambarau na majani yaliyopasuka katikati kama kwato za mbuzi, pamoja na nyasi ngumu. Wengi huifyeka kwa kuona ni uchafu. Usiifyeke. Ndiyo inayoshika mchanga usikuhamie ndani, na bila hiyo miche ya nyuma itafukiwa au itafukuliwa mizizi. Kama imekwisha kufyekwa, chomeka vipande vya shina lake wakati wa mvua, vinashika vyenyewe.

Nyuma yake kidogo kaa na mkadi na mtakawa. Mkadi una majani ya miiba na mizizi ya kujishikiza inayotoka juu ya ardhi, na akina mama wa pwani wanaujua kwa harufu ya ua lake. Mtakawa hukua kama kichaka kinene, hauogopi chumvi, na maganda yake yalikuwa kamba kabla ya kamba za plastiki. Hakuna kati ya hiyo miwili utakaokupa fedha. Kazi yake ni kuinua upepo kutoka chini ili mstari unaofuata usipigwe magotini.

Mstari unaofuata ndio safu kuu, na hapo mjadala wote unaanza na mvinje.

Sijui mti mwingine unaovumilia ufuko wetu kama mvinje. Mchanga mtupu unakaa, chumvi unavumilia, na ukipata mwanzo mzuri unakupita urefu ndani ya mwaka mmoja au miwili. Majani yake ni kama sindano, hivyo upepo unapita katikati badala ya kuugonga. Kwenye mizizi yake kuna vijidudu vinavyotengeneza naitrojeni kutoka hewani, ndiyo maana unastawi mahali ambapo mahindi hayawezi kufika magotini. Mji wa Kilwa Kivinje wenyewe jina lake linanasibishwa na mti huu.

Lakini mvinje una tabia zake, na muuza miche hatakutajia. Sindano zinazodondoka hufunika ardhi kama mkeka, chini yake hakioti kitu, na zikikauka zinashika moto haraka. Ukiukata shina hauchipui vizuri kama mwarobaini, kwa hiyo usiufanye wa kuni. Kwenye ufuko unaoliwa na bahari mizizi hufukuliwa na mti unaanguka mzima mzima. Na fukwe ambazo kasa hutaga, mvinje uliopandwa hadi kwenye mstari wa maji huharibu viota kwa kivuli na mizizi. Rudi nyuma, mwachie kasa mchanga wake. Mimi nimeupanda safu moja na nusu tu. Nyingine ni miti tofauti, kwa sababu safu ya aina moja ikipatwa na ugonjwa inakwisha yote.

Mtondoo ndio ninaoupenda kuliko wote, nakiri wazi. Majani mazito yanayong'aa, chumvi inateleza juu yake, mbao zake mafundi wa majahazi wanazijua, na mbegu zake hutoa mafuta. Tatizo ni mwendo: unakua polepole sana, na anayeupanda leo atakaa chini ya kivuli chake akiwa na wajukuu. Panda mitondoo katikati ya mivinje. Mivinje italinda kwa miaka 20 ya mwanzo, mitondoo itachukua zamu. Utomvu wake usikuingie machoni.

Mkungu unatanda matawi kwa ghorofa, kivuli chake hakina mfano, na watoto watakula kungu. Hupukutisha majani, kwa hiyo fagio liwe karibu. Uweke mbali na shimo la choo na msingi wa nyumba, mita kumi si nyingi. Mnazi kila mtu anaujua: shina linapinda halivunjiki, makuti yanapasuka upepo unapita. Hata hivyo safu ya minazi peke yake si kinga, maana chini ni wazi kama mlango. Tena minazi ya ukanda huu imeteswa kwa miaka mingi na ule ugonjwa unaoukausha mti kuanzia kileleni, bila kumsahau mdudu chonga, kwa hiyo chukua mbegu kwenye mti mzee uliobaki mzima huku wenzake wamekufa. Usiupande juu ya bati wala mahali pa kuegesha pikipiki.

Nyuma ya hapo, chumvi ikiwa imepungua, ndipo wanaingia mzambarau, mkwaju na mwarobaini. Mzambarau ni mnene na haupepesuki. Mkwaju ni wa polepole ila ukishasimama, umesimama. Mwarobaini hauogopi ukame, lakini matawi yake hukatika kwenye dhoruba na mbegu zake husambaa kila mahali, kwa hiyo mmoja au miwili inatosha.

Mwisho kabisa, nyumba ikiwa katikati yako na bahari au ukiwa na safu iliyokwisha kufika mita tatu, weka matunda. Mpera, mkunazi na mstafeli hustahimili zaidi. Mkorosho unaupenda mchanga wetu, lakini maua yake hutoka wakati kusi inavuma, na ukiuweka mbele utapata mti mzuri usio na korosho. Mwembe una shida hiyohiyo ya maua kudondoka. Mpapai na mgomba ni za uani, nyuma ya ukuta wa jiko.

Utaniuliza kuhusu mwashoki. Unaweza kuishi kwenye kona iliyokingwa, na unapendeza. Ila kama uzio wa mbele ya bahari ni fedha uliyoitupa. Mkrismasi una mizizi ya juujuu na matawi mepesi. Ukianguka huanguka getini, na nina ushahidi. Mnyaa ni uzio mzuri wa bei ya bure kwa viwanja vya ndani, ila utomvu wake ni hatari kwa macho ya watoto. Mtiki majani yake ni mapana kama sinia. Uache huko uwanda wa juu wa Rondo, Lindi, ndiko kwake.

Safu isiwe ukuta

Watu hudhani kinga nzuri ni ile isiyopitisha hata hewa. Ukuta wa matofali haupunguzi upepo, unaurusha juu, na mita chache nyuma yake upepo unaanguka ukizunguka na kuvunja kila kitu. Safu ya miti inatakiwa ipitishe karibu nusu ya upepo. Ukisimama nyuma yake uone vipande vya anga katikati ya matawi.

Kinga hiyo hufanya kazi hadi umbali wa takriban mara kumi ya urefu wa miti. Mivinje ya mita 6 inakutulizia hadi kama mita 60 nyuma yake, na utulivu mkubwa zaidi uko katikati ya hapo, si chini kabisa ya miti. Mwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30 anaweza kucheka hesabu hii, maana kinga yake yote inaangukia kwa jirani. Cheka, kisha mfuate jirani. Upepo huzunguka mwisho wa safu kama maji yanavyozunguka jiwe, kwa hiyo safu fupi ya mtu mmoja ni dhaifu, na ya viwanja vitano vilivyoungana ni kitu kingine kabisa. Sisi tulikubaliana wanne. Wa tano alikataa, na pengo lake linapuliza hadi leo.

Panda safu mbili au tatu kwa kupishana, mche wa nyuma uangalie nafasi kati ya miche miwili ya mbele. Mivinje mita 2 hadi 3 kati ya mti na mti, safu hadi safu mita 3. Mitondoo na mikungu mita 5 au 6. Kama lazima uache njia ya kwenda baharini, ipindishe. Njia iliyonyooka ni bomba la upepo.

Miche: ndogo, ngumu, isiyo ya dukani sana

Hapa ndipo nilipopigwa mwaka wa kwanza. Kitalu kimoja kiliniuzia miche mirefu ya kupendeza, iliyolelewa kivulini na kumwagiliwa kila siku. Nilipochana viriba, ile mifuko ya plastiki ya miche, mizizi ilikuwa imejizungusha kama kamba kwenye ndoo. Mche wa namna hiyo haushiki ardhi kamwe: miaka mitatu baadaye unauona mkubwa, unakuja upepo, unang'oka ukiwa na umbo la kiriba kile kile.

Chagua mche wa sentimita 30 hadi 50, wenye shina nene kuliko wenzake, uliokaa juani walau wiki tatu za mwisho na kupunguziwa maji. Mwombe muuzaji achane kiriba kimoja mbele yako. Akikataa, nenda kwingine. Miche ya mikorosho iliyobebeshwa ulizia TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, iko jirani tu. Miche ya misitu ulizia TFS na vitalu vya halmashauri.

Mivinje ni rahisi kuotesha mwenyewe. Chuma vitunda vyake vinapoanza kuwa kahawia, vianike juu ya shuka, mbegu ndogo zenye bawa zitamwagika zenyewe. Changanya na majivu, la sivyo siafu na sisimizi watazihamisha usiku mmoja. Na usisahau hili: kwenye udongo wa viriba weka makonzi mawili ya udongo kutoka chini ya mvinje mkubwa, ili wale vijidudu wa mizizi wahamie. Anza Agosti ili miche iwe tayari Desemba au Januari. Mbegu ya tondoo ipasue ganda kidogo bila kuumiza kiini, itaota haraka zaidi. Mkwaju na mkorosho zinapenda kupandwa mbegu palepale zitakapoishi, kwa kuwa mzizi mkuu unashuka moja kwa moja bila kukutana na plastiki.

Kupanda

Subiri mvua ilowanishe mchanga hadi kina cha mkono mzima. Mvua ya kwanza ya Novemba ni ya kukudanganya. Mimi hupanda kati ya katikati ya Desemba na katikati ya Januari, ili mche uwe na mvua zote zilizobaki.

Shimo liwe sentimita 60 kwa 60, kina hivyohivyo. Chini panga makumbi ya nazi, tumbo juu, tabaka mbili. Huu ni ujuzi wa wazee na sijaona kinachoushinda kwenye mchanga: makumbi yananyonya maji kama sponji na kuyaachia polepole. Juu yake changanya mchanga na ndoo moja ya samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi inaunguza mizizi na inaita mchwa. Chana kiriba chote, kata mizizi iliyojizungusha, panda mche sentimita chache chini kuliko ulivyokuwa kitaluni, shindilia kwa kisigino, na uache kisahani cha kukusanya maji.

Kigingi ni cha hiari. Ukikiweka, funga chini, usawa wa theluthi ya shina, kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na uache mti utikisike. Mti unaotikisika huongeza mizizi na kunenepesha shina. Uliofungwa kama mgonjwa wa mguu hauna sababu ya kujitegemea. Baada ya mwaka mmoja ng'oa kigingi.

Weka matandazo ya majani au makuti, yasiguse shina.

Kusi ya kwanza

Mwishoni mwa Aprili, kabla upepo haujakaza, kila mche upate kiambaza chake: makuti mawili yaliyosukwa, yamesimamishwa kwa fito upande wa upepo, umbali wa hatua moja. Makuti yanapitisha hewa kidogo, hivyo yanafaa kuliko bati au turubai, ambalo litaruka na kukuvunjia mche wenyewe. Kiambaza hicho hicho kinazuia mbuzi, na mbuzi wa kijijini wameua miche mingi kuliko kusi.

Maji ni mara moja au mbili kwa wiki, lita 10 kwa mche, jioni, na yamwagwe polepole. Kikombe kimoja kila siku kinalea mizizi ya juujuu. Kama maji ni ya shida, toboa tundu dogo la sindano kwenye kitako cha dumu la lita 5, lizike nusu kando ya mche, ujaze mara mbili kwa wiki. Baada ya siku za mawimbi makubwa, ukiwa na maji matamu, nyunyizia majani ili kuosha chumvi. Mivinje haihitaji, miembe itakushukuru.

Machi, chukua panga

Vimbunga havitufikii kila mwaka, lakini angalia tarehe: kile kilichoipiga Lindi kilikuwa Aprili 1952. Kenneth iliingia Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, tarehe 25 Aprili 2019. Hidaya ilikuwa mwanzoni mwa Mei 2024, na barabara ya Dar es Salaam ikakatika. Vyote vilikuja msimu wa mvua ukielekea mwisho, ardhi ikiwa imelowa na mizizi haina mahali pa kushika, huku vichwa vya miti vikiwa vimejaa majani.

Kwa hiyo kupogoa ni Machi. Usikate kichwa cha mti. Mti uliokatwa kichwa huchipua matawi mengi dhaifu yanayobanduka mwaka unaofuata. Punguza ndani: toa matawi makavu, yanayosuguana, na yale yaliyoachana kwa pembe nyembamba kama herufi V. Angua nazi zote zilizokomaa na makuti yaliyokauka. Mvinje ulioinama kuelekea nyumba au nyaya za umeme usiuhurumie, na kwenye nyaya waite wenye kazi yao.

Oktoba, kusi ikilegea, pita safu kwa safu na daftari. Andika palipokufa, na andika upande gani majani yaliungua. Mwaka wangu wa pili nilipoteza mivinje 9 kati ya 40, saba kati ya hiyo kwenye kona moja ya kusini mashariki, na hiyo kona ndiyo niliyoizidishia mikadi. Mzee jirani aliniletea tondoo kumi mfukoni za kujazia. Miembe niliirudisha mwaka wa nne, nyuma ya jiko, na mmoja umeshaanza kutoa maua.